Kadi Saba za Mlingotini

Wembe wa Batuli bado uko palepale tulipouacha, msomaji. Umeingia nusu chini ya plastiki ya kadi ya mama mkwe wake, Bi Hafidha, na simu ya mama mkwe huyo imelia mkekani.

Ujumbe ulikuwa mfupi. Ulisema kwamba kadi ya safari ya Bi Hafidha, ile iliyotiwa riali za kutumia Makka, ilikuwa inanunua viatu katika duka la mtandaoni huko Dubai, kwa riali mia mbili na kumi.

Batuli aliutazama ujumbe, kisha akaitazama kadi. Kadi ilikuwa mkononi mwake, barazani kwa Bi Hafidha, Mlingotini, saa nne ya asubuhi ya Jumatatu. Siku hiyo kadi haikuwa imefika hata Bagamoyo mjini, sembuse Dubai.

“Viatu,” alisema Bi Hafidha, na akanyoosha mguu wake autazame. “Vya kunitosha mimi havipatikani Kariakoo. Wao wamevipata?”

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, habari ni hizi. Wanawake saba wakulima wa mwani wameweka akiba miaka mitatu ili waende Umra, na ndege yao ni Alhamisi jioni. Batuli ndiye katibu wao. Ni yeye aliyewashawishi wasifunge fedha pindoni, wachukue kadi. Unaitia pesa kwanza, unatumia kilichomo, na ikipotea unaifunga kwa simu. Ni yeye aliyewaambia kadi isibebe akiba yote. Nusu ibaki nyumbani, iongezwe wakishafika. Kwa neno lake walikubali. Zikipotea riali hizo, hakuna atakayemlaumu mwizi, maana mwizi hawamjui. Batuli wanamjua.

Kisha Bi Hafidha akaingiwa na hofu ya jasho na maji ya Zamzam. Akaamuru kadi zote zikapigwe laminesheni, kama vitambulisho. Jumamosi zikapigwa, katika steshenari ya Himid pale mjini. Jumapili mashine ya benki ikazikataa zote, kwa kuwa mashine haisomi kadi iliyovaa koti. Ndiyo maana Jumatatu asubuhi Batuli alikuwa na wembe, anazivua moja moja. Mbili zilikuwa tayari. Ya tatu ndiyo hii.

Simu ya Bi Hafidha ikalia tena. Safari hii ilikuwa ni mtu.

“Shikamoo mama yangu.”

“Marahaba mwanangu. Hujambo?”

Bi Hafidha husikiliza simu kwa spika, ili baraza zima lifaidi. Kwa hiyo Batuli alisikia yote. Mwanamume mwenye sauti ya asali alisema anapiga kutoka makao makuu ya kadi. Kuna mwizi, alisema, anataka kununua viatu kwa jina la mama, na yeye yuko tayari kumzuia sasa hivi. Mama ampe tu zile namba sita zitakazoingia kwenye simu yake.

Namba zikaingia kweli. Bi Hafidha akanyoosha mkono kutafuta miwani.

Batuli aliusoma ujumbe kwa kuchungulia. Ulisema namba hizo zingekufa baada ya dakika tano. Akajua pale pale kwamba namba hizo ndizo ufunguo wa vile viatu, na kwamba huyu wa sauti ya asali alikuwa amesimama mlangoni akiomba ufunguo.

Lakini kuna mambo mkwe hafanyi. Mkwe hamnyang’anyi mama mkwe simu mkononi, hata nyumba iwe inaungua. Batuli alikuwa na miaka kumi na tisa katika nyumba ile na hajawahi hata kumkatiza kauli. Akainama kwenye simu, akafanya jambo pekee ambalo adabu ilimruhusu.

“Asalaam aleykum, kaka.”

“Waaleykum salaam, dada. Naomba mama anisomee…”

“Habari za huko?”

“Nzuri.”

“Za nyumbani?”

“Nzuri, alhamdulillahi. Sasa mama…”

“Watoto hawajambo?”

“Hawajambo.”

“Na mama mzazi? Yuko wapi siku hizi?”

Hapo yule bwana akakosea. Alisema mama yake yuko Tanga. Bi Hafidha, ambaye mpaka sasa alikuwa akihangaika na miwani, aliposikia Tanga aliiweka miwani chini. Tanga ipi? Kwa nani? Maana yeye ana shangazi Chumbageni na binamu Mwambani, na huenda ni mtu na ndugu yake wanazungumza hapa kumbe hawajuani.

Mtu aliyejifanya mwenye adabu hawezi kuzikata salamu katikati. Akataja babu. Bi Hafidha akauliza babu huyo alioa wapi. Akataja ami. Bi Hafidha akataka kujua kama ni yule ami aliyekuwa na duka la kanga au yule mwenye jicho moja. Yule bwana akachagua mwenye jicho moja, na Bi Hafidha akamwombea marehemu, kwa kuwa kwa kadiri ya habari zake huyo alishafariki. Akaanza kutoa pole, na pole ya Bi Hafidha haiishi kwa neno moja.

Batuli alikuwa akitazama saa ya simu yake. Dakika ya tatu. Dakika ya nne.

“Mama,” ile sauti ikasema, na asali ilikuwa imepungua, “naomba namba.”

“Ehe, namba.” Bi Hafidha akavaa miwani, akaushika ujumbe mbali na uso, akaanza kusoma kuanzia juu, kwa mwendo aliosomea chuo cha Kurani utotoni. “Usimpe… mtu yeyote… namba hii… hata akisema… ni mfanyakazi wetu.” Akaishusha miwani puani. “Mwanangu, mbona hapa wamekuandika wewe?”

Simu ikakatika.

“Kakata,” alisema Bi Hafidha. “Hata kwaheri hakusema. Huyo si mtu wa Tanga.”

Mina akaangua kicheko. Ni mdogo kuliko wote saba, na kwa kuwa siku hiyo alikuwa na jino linauma hakwenda mwanini. Batuli hakucheka. Alitaka kwanza kujua mwizi yule alifikaje mlangoni.

Hakuipigia ile namba iliyowapigia. Aliigeuza kadi ya Bi Hafidha, akasoma namba ya simu iliyochapwa nyuma yake, akaibonyeza taratibu, akasubiri huku muziki ukilia. Mwishowe akapokea binti aliyejitaja kuwa ni Zaina wa huduma kwa wateja. Zaina hakuomba namba sita wala namba ya siri. Aliuliza jina la mwenye kadi na tarehe yake ya kuzaliwa, kisha akaomba kuzungumza na mwenyewe. Bi Hafidha akazungumza, na kadi ikafungwa.

Zaina akasema viatu havikununuliwa, ila jana yake kuna riali kumi na mbili zilizotoka kulipia mchezo wa simu.

“Mimi nicheze mchezo wa simu?” Bi Hafidha aliuliza, na ikabidi Batuli aipokee simu.

Zaina alimweleza kwamba riali kumi na mbili ni za kuonja chumvi. Mwizi wa kadi huanza na kidogo kisichodai namba ya uthibitisho, aone kama kadi iko hai na kama mwenyewe anasoma ujumbe wake. Asiposhtukiwa, anarudi na sufuria. Ujumbe wa jana ulikuwepo kwenye simu ya Bi Hafidha, chini kabisa, haujafunguliwa. Fomu ya madai itajazwa, na hizo kumi na mbili huenda zikarudi.

“Lakini dada Batuli,” Zaina akasema, “huyu ana namba za mbele, ana tarehe ya mwisho, na ana zile tarakimu tatu za nyuma. Hizi hakubahatisha. Ameiona kadi hii pande zote mbili. Nani ameishika?”

Na hakungoja jibu, akauliza swali la pili, lililo zito kuliko la kwanza. Je, kadi nyingine sita za kikundi, alizoziona kwenye rejista yake, zilikuwa wapi siku iliposhikwa hii?

Bi Hafidha alimtazama Batuli, Batuli akamtazama Mina, na Mina ndiye aliyesema.

“Himid.”

Tayari alikuwa amesimama, anajifunga kanga kiunoni, jino limepona. Nani mwingine alizishika zote saba? Nani alizilaza mezani kwake, akazigeuza mbele na nyuma, na mashine ya kutolea nakala iko pembeni? Yeye Mina alikuwa radhi kwenda mjini kwa bodaboda sasa hivi na kumuuliza mbele ya wateja wake.

Batuli alimwambia akae. Hakuwa anamtetea Himid. Alikuwa anakumbuka. Jumamosi alisimama pale dukani tangu kadi ya kwanza, isipokuwa mara moja alipotoka kwenda kunywa maji ya miwa ng’ambo ya barabara. Dakika kumi, labda na tano. Dakika kumi ni nyingi kwa mtu mwenye mashine. Lakini ni nyingi pia za kumzulia mtu dhambi maisha yake yote. Akajisemea kwamba kwanza zifungwe kadi, mwizi atafutwe baadaye.

Ikifungwa, tutakwenda na nini? Hilo ndilo aliloliogopa zaidi. Zaina akamtuliza. Kadi ni kopo tu, alisema, maji yako kisimani. Kopo likifungwa pesa hazipotei. Zinangoja kopo jipya. Kadi mpya zitatengenezwa kesho katika tawi lao la Dar es Salaam, kila mwanamke afike mwenyewe na pasipoti yake, kabla ya saa sita mchana. Atakayefika saa sita na dakika moja atapata kadi Ijumaa.

Na ndege ni Alhamisi.

Halafu kila mwenye kadi aifunge kwa mdomo wake, kwa simu yake mwenyewe. Batuli hakuweza kuwafungia, hata akiwa katibu.

Akahesabu. Ya Bi Hafidha imefungwa. Akafunga yake, akamsimamia Mina naye akafunga yake. Wanawake watatu walikuwa baharini, maji yamekupwa, wanafunga mwani kwenye kamba, na simu zao zimeachwa majumbani. Wa saba ni Bi Maulida, aliyekwenda Lugoba tangu jana kuwaaga ndugu na kuomba radhi, kama impasavyo msafiri wa Makka. Huyo aliondoka na kadi yake, ikiwa na plastiki yake, ili ndugu waione. Simu yake ilikuwa imezimwa.

Mina akapita nyumba hizo tatu akakusanya simu, akazitia ndani ya ndoo yenye mfuniko, akaingia nayo majini mpaka magotini. Yaliyotokea huko alikuja kuyasimulia mwenyewe. Mmoja aliulizwa jina la mama yake akataja matatu, maana mama huyo alikuwa na jina la kuzaliwa, la unyago na la mtaani, na alitaka binti wa benki achague. Mwingine alipiga kelele kushindana na upepo, hadi Mina akamkumbusha kwamba majibu ya siri hayatangazwi pwani nzima. Wa tatu alikataa kugusa simu mpaka afunge fundo alilolianza. Hata hivyo, kufika saa saba kadi zote tatu zilikuwa zimefungwa.

Lakini Mina hakurudi na ndoo tu. Huko pwani alikuwa amesema jina la Himid, na neno likishafika pwani limekwishafika mjini.

Pikipiki ikasimama mbele ya baraza. Himid akavua kofia yake ngumu, akaishika kwapani. Ni mtu wa makamo, wa zile familia za Oman zilizofanya biashara Bagamoyo tangu enzi za babu zao, na duka lake la karatasi ndilo linalowapigia watu picha za pasipoti. Akamwamkia Bi Hafidha shikamoo, akaitikiwa marahaba. Alimsalimu Batuli, akamsalimu Mina, ambaye alijibu akitazama ndoo.

“Nimesikia nimenunua viatu Dubai,” alisema Himid. “Nimekuja na miguu yangu, mnipime.”

Bi Hafidha alimwambia akae, na akaagiza aletewe chai. Mtuhumiwa ni mgeni kwanza, na mgeni hasimami. Himid akakaa. Alipopewa kikombe alikishika bila kunywa. Mtu huyu alikuwa amefunga duka mchana ili aje. Katika mji mdogo, mwenye steshenari anashika pasipoti za watu, vyeti vya ndoa, hati za viwanja. Siku watu wakianza kumshuku, atauza peremende tu.

Batuli akamweleza yote, tangu ujumbe mpaka maneno ya Zaina. Hakusema “wewe”. Alisema, “mtu aliyeziona pande zote mbili.”

Himid akasikiliza hadi mwisho. Kisha akaweka kikombe chini.

“Dada Batuli, mimi kadi zenu niliziona kabla hamjaja dukani.”

“Lini?”

“Ijumaa.”

Mina akafungua mdomo. Himid akatoa simu yake, akatafuta, akaigeuza ili wote waone.

Ilikuwa video ya dua ya kuwaaga wasafiri, Ijumaa baada ya swala, pale pale barazani. Mwalimu wa madrasa anasoma. Katikati ya mkeka pana sinia kubwa la shaba, na juu yake zimepangwa pasipoti saba na kadi saba, zinang’aa kama samaki waliotoka kuvuliwa. Pembeni chetezo kinafuka udi. Mkono wa Bi Hafidha unakipitisha chetezo juu ya sinia, taratibu, na kamera nayo inakwenda pamoja na moshi, kadi moja baada ya nyingine, karibu kabisa. Majina yanasomeka. Namba zinasomeka.

Kisha nyuma ya kamera ikasikika sauti ya mwanamke, nyororo, yenye furaha:

“Mama, zigeuze na upande wa pili, baraka isibague.”

Na mkono wa Bi Hafidha ukazigeuza. Zote saba. Kamera ikarudi tena pole pole, ikisoma migongo ya kadi.

Sauti ile kila mtu alikuwa akiijua. Ilikuwa ya katibu.

Ni yeye aliyeishika simu. Ni yeye aliyeituma video kwenye kundi la ndugu na majirani, lenye watu mia mbili na arobaini. Na chini yake, kwa uangalifu wake wote, aliandika majina ya wasafiri na namba zao za simu, ili watu wawapigie kuwaaga. Himid akasema, kwa sauti ya chini, kwamba mtu fulani kundini aliipenda ile dua akaiweka, pamoja na maandishi hayo, kwenye ukurasa wake wazi, na mpaka asubuhi hiyo ilikuwa imetazamwa mara elfu sita. Wengi wa watazamaji wameandika amina.

Wiki tatu nzima Batuli alikuwa amewafundisha wenzake. Namba ya siri usimwambie hata mumeo. Usiiandike kwenye karatasi ukaiweka na kadi. Ukifika kwenye mashine funika kwa kiganja. Wote walikuwa wamefunika kwa kiganja. Yeye ndiye aliyefunua.

Akasimama. Akavuta ushungi wake ukae sawa, kama mtu anayekwenda mbele ya kadhi.

“Ni mimi,” alisema. “Mama, nisamehe. Namba nimezianika mwenyewe. Na wewe, Himid, nisamehe pia. Sikukutaja, lakini nilikuwaza.”

Bi Hafidha alikuwa ameinamisha kichwa. Mabega yalikuwa yakitikisika, na Batuli alidhani analia. Kumbe mama mkwe alikuwa amebanwa na kicheko hadi machozi yanamtoka chini ya miwani.

“Mkwe wangu,” alisema alipoweza. “Ulitaka baraka ifike pande zote mbili. Imefika hadi Dubai.”

Basi kikawa ndicho kicheko kilichovunja uzito. Mina alicheka akikumbatia ndoo. Himid akanywa chai yake, hatimaye, na akasema kuwazwa si kosa, kosa ni kusemwa, na hapo akageuka kumtafuta aliyesema. Mina alikuwa ameshaanza kukausha simu ambazo hazikuwa zimelowa.

Batuli naye alicheka, kidogo, kwa kuwa hakuna anayeweza kukaa na kicheko cha Bi Hafidha bila kuambukizwa. Lakini mikono yake ilikuwa kazini. Aliifuta video kundini, akamwomba mwenye ukurasa aiondoe, naye akaiondoa huku akijitetea kwamba dua haina hakimiliki. Batuli alijua maji yaliyomwagika hayazoleki. Lililobaki ni kufunga kopo la saba na kuyafuata makopo mapya Dar es Salaam.

Akachukua karatasi apange safari ya kesho. Gari limekwishakodiwa, litaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Akaandika majina, akaandika kando ya kila jina: pasipoti, simu, kadi ya zamani ya kurudisha. Wembe aliutupa, hakukuwa tena na haja ya kuzivua kadi zilizokwisha kufa. Kila baada ya jina moja alimpigia Bi Maulida. Kila mara simu haipatikani. Himid hakuondoka. Alisema duka limeshafungwa, na anataka kuona mwisho wake.

Saa kumi na nusu Bi Maulida akapiga mwenyewe, na Batuli akaiweka simu kwenye spika.

Alikuwa na furaha. Nyuma yake malori yalisikika yakipanda kuelekea Segera. Simu iliisha chaji tangu jana, alisema, na ndugu wote wamemsamehe, hata yule wa Vigwaza waliyegombana naye kwa ajili ya mbuzi, ambaye alikuja Lugoba kwa ajili hiyo hiyo.

“Bi Maulida,” alisema Batuli, “kadi yako unayo?”

“Ninayo. Pindoni.”

Batuli akashusha pumzi. Akamwambia sikiliza, kuna wezi, wameziona namba zetu.

“Najua,” alisema Bi Maulida. “Binti wa kadi kanieleza.”

Himid akaweka kikombe chini kwa mara ya pili siku hiyo.

“Binti yupi?” aliuliza Batuli.

Binti wa kadi, alisema Bi Maulida, na akashangaa kwamba hawamjui. Alimpigia simu mchana, dakika chache alipoiwasha kabla haijazima tena, akasema yuko Chalinze kikazi, akamfuata mpaka Lugoba. Msichana msafi, mpole, ana sare na kitambulisho shingoni, na mkobani ana kimashine kidogo cha kupitishia kadi. Kasema kadi zote saba zimeingiliwa na zinatakiwa kusafishwa. Unapitisha kadi kwenye kimashine, unabonyeza namba yako ya siri, basi, mwizi katoka.

“Umepitisha?” aliuliza Batuli.

“Mimi nifungue pindo stendi, mbele ya wapiga debe? Sikulelewa hivyo. Nimemwambia mambo ya kikundi hufanywa mbele ya kikundi. Kakubali. Kala, kaoga, leo analala hapa kwa mdogo wangu. Kesho tunapanda gari la alfajiri, namleta Mlingotini, awasafishie wote kwa mkupuo mmoja. Saa tatu tupo.”

Saa tatu. Na tawi la Dar es Salaam linafunga hesabu ya kadi saa sita, na Bi Maulida mwenyewe anatakiwa awe huko na pasipoti yake.

Batuli akajaribu. Alimwomba Bi Maulida asogee kando kidogo, kuna neno la wanawake. Bi Maulida akajibu kwamba hakuna haja ya kusogea, mgeni ni mwanamke, na yuko hapa hapa ubavuni anawasalimu. Ikasikika sauti changa, yenye adabu nyingi mno, ikisema shikamooni nyote, na ikiwaomba kesho wasitoke nyumbani mpaka afike, na kila mmoja awe na kadi yake mkononi.

Bi Hafidha ndiye aliyemjibu. Alijivuta mkekani hadi kwenye simu.

“Marahaba mwanangu. Karibu sana kwetu. Unakula pweza?”

“Nakula, mama.”

“Basi tutakupikia.”

Akaifunika simu kwa kiganja, akamgeukia Himid, na uso wake haukuwa na kicheko tena. Akamwambia apande pikipiki yake, apite kwa mwenyekiti wa kitongoji na kituo cha polisi, awaambie kesho saa tatu wana mwaliko wa pweza, na waje bila sare. Himid alikuwa ameshavaa kofia.

Batuli aliitazama karatasi yake. Gari moja la saa kumi na mbili, mgeni wa saa tatu, mlango unaofungwa saa sita, na kadi moja ambayo mwenyewe hawezi kuifunga kwa sababu mwizi anasikiliza. Aliandika jina la Bi Maulida, na kando yake hakupata la kuandika. Akaiweka kalamu chini. Hilo litapangwa asubuhi, kukipambazuka.

Kabla ya kukata, Bi Maulida alikuwa na neno moja la mwisho, na alilisema kwa moyo mkunjufu kabisa: nyumba ya mdogo wake ni ndogo, vitanda haba, kwa hiyo yeye na mgeni watalala kitanda kimoja.